Karani wa Gallitep: tumlilie au tumhukumu?

Swali: "Mwalimu, sisi ni vijana saba wa Section 58 hapa Nakuru. Jumamosi jioni hukutana kwa mmoja wetu kutazama tamthilia za zamani za anga za juu. Juzi tulitazama kipindi kinachoitwa 'Duet' cha Star Trek: Deep Space Nine na nusura tukosane. Wawili walilia machozi. Wengine wakasema huo ni ujanja wa kumsafisha mkoloni, na mmoja akaapa kwamba yule mzee angeachiwa aende zake salama, yeye angezima runinga. Mwingine alilalamika kwamba hakuona chochote, watu wawili tu wamekaa seli wakipiga domo. Nani yuko sawa? Na tukitaka kukigeuza kiwe mchezo wa jukwaani, tukihamishie Kisiwa cha Mageta enzi za Mau Mau, itafaa?"

Ndugu zangu wa Section 58, nianze na huyo aliyeona watu wawili wakipiga domo, maana lake ni fupi.

"Duet" kilirushwa Juni 1993, cha pili kutoka mwisho katika msimu wa kwanza. Aliyefanya kazi ya runinga anajua hali inavyokuwa msimu unapoelekea ukingoni. Pesa zimeliwa na vipindi vya mwanzo, na mwandishi anaambiwa atumie seti zilizopo, waigizaji wachache, asilete vita wala meli kulipuka. Peter Allan Fields, aliyeandika muswada, na James L. Conway, aliyeuelekeza, walibaki na seli, zahanati, ofisi na nyuso mbili: Nana Visitor kama Meja Kira Nerys, na Harris Yulin kama mfungwa. Rafiki yenu akirudia kukitazama, asisubiri tukio. Amwangalie Kira anavyoingia zahanati kwa mara ya kwanza. Ameambiwa kuna abiria mgonjwa wa Kalla-Nohra, ugonjwa uliowapata watu waliokuwa Gallitep, kambi ya kazi za kulazimishwa, siku mgodi wake ulipopata ajali. Yeye mwenyewe alikuwa katika kikosi kilichoikomboa kambi hiyo, kwa hiyo anakwenda kwa furaha, uso umekunjuka, kumpokea mmoja wa manusura. Anageuka na kumwona Mcardassia, mmoja wa waliowatawala watu wake kwa mabavu. Ule uso unavyofunga, kabla hata hajawaita askari, ndilo tukio lenyewe. Kama hilo halimtoshi, basi tamthilia ya namna hii si chakula chake, na hakuna ubaya.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenu wa kweli. Wasomaji wengine hawajakiona kipindi, kwa hiyo wanivumilie nikieleza hadi mwisho, kisu na vyote.

Kituo kile cha anga hakikujengwa na watu wema. Wacardassia walikijenga walipoitawala sayari ya Bajor kwa mabavu, na waliokitolea jasho ni Wabajor wenyewe, wakisafisha madini yaliyokuwa yakisombwa kwenda kwa mtawala. Mwanzo wa tamthilia Wacardassia wameondoka juzijuzi tu, na kituo kimekabidhiwa Shirikisho, muungano wa sayari, chini ya Kamanda Benjamin Sisko, anayeigizwa na Avery Brooks. Kira ni naibu wake. Utoto wake wote aliumalizia msituni akipigana. Kwa hiyo kila mlango anaoufungua humo ndani ulitengenezwa na watu waliowaua jamaa zake. Msisahau hilo mnapomhukumu kwa ukali wake.

Angalieni uongo wa yule mzee ulivyopangwa. Kwanza anasema hajawahi kufika Gallitep, eti anaugua ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa dawa ileile. Daktari Bashir anampima na uongo huo unafia hapo. Pili anasema, haya, nilikuwepo, lakini nilikuwa karani tu wa masjala, jina langu Aamin Marritza. Hata anajisifu kwamba alikuwa karani hodari. Halafu inapatikana picha ya zamani ya kambi. Wanaikuza, na humo Marritza ni mtu mwingine kabisa, ilhali sura ya huyu mfungwa ni ya Gul Darhe'el (Gul ni cheo cha kijeshi cha Wacardassia), mkuu wa kambi, yule Wabajor waliyemwita Mchinjaji wa Gallitep. Kuanzia hapo mzee anavua ukarani kama koti. Anaketi wima, sauti inapanda, anaanza kujivunia waliokufa.

Mkirudia kukitazama mtaona kitu ambacho wengi wa wanaobishana kuhusu kipindi hiki hukiruka. Ukweli wote ulishasemwa mapema, na mwenyewe, kwa maneno mepesi: nilikuwa karani. Kira hakuamini. Wewe pia hukuamini. Hukuamini kwa sababu hukutaka karani, ulitaka mchinjaji. Mwandishi anajua mtazamaji amekaa pale na kiu ya mtu mkubwa wa kulipa deni kubwa, na anampa kiu ile kile inachokitaka, kisha dakika za mwisho anampokonya. Darhe'el halisi alikwisha kufa miaka sita nyuma na kuzikwa kwa heshima zote. Siku ya ajali ya mgodi hakuwa hata kambini, alikuwa nyumbani Cardassia akivishwa medali, kwa hiyo ugonjwa ule hakuweza kuupata. Huyu mzee ni Marritza kweli. Alifanyiwa upasuaji afanane na bosi wake, akaacha kazi ya ualimu, akaweka mambo yake sawa, akauliza habari za Kira kabla ya kuondoka, akapanda meli iliyokuwa inapita pale. Alikuja akamatwe. Alitaka ahukumiwe kama Darhe'el hadharani, ili Cardassia nzima ilazimike kukiri ilichofanya.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alikuwa sawa kati ya waliolia na waliokasirika, nasema kwanza kwamba mnabishania swali ambalo kipindi hakikuuliza. Mnauliza kama Marritza ana hatia. Mwenyewe alishajibu. Mkumbukeni mle selini Kira anapombana na ushahidi: anang'ang'ania kuwa yeye ni Darhe'el, anamtukana Marritza kwamba alikuwa mwoga, mtu wa kulia usiku na kuziba masikio asisikie mayowe. Yulin anaianza hotuba ile akiwa mkuu wa kambi na kuimaliza akiwa karani, na mpaka uko katikati ya sentensi, huwezi kusema ni neno gani. Hakuna pale mtu anayejisafisha. Anachosema ni kwamba aliona na hakufanya kitu, na kwamba hilo halisameheki kwa kuwa tu mkono wake haukushika bunduki. Wale wenzenu waliosema "masikini, alikuwa karani tu" walimpa huruma ambayo yeye mwenyewe aliikataa.

Na neno "tu" hapo linanikera. Kambi haiendeshwi kwa rungu peke yake. Kuna daftari la walioingia, hesabu ya posho, orodha ya wanaopelekwa kazini alfajiri, na mtu wa kuandika sababu ya kifo. Sisi Wakenya tuna mfano usiohitaji sayari nyingine. Machi 3, 1959, kambini Hola, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uongo ule ulipita mikononi mwa watu wa ofisini kama karatasi nyingine yoyote. Halafu karatasi za enzi hiyo zikasafirishwa kwenda Uingereza wakati wa uhuru, zikafichwa, hadi mwaka 2011 serikali yao ilipokiri mbele ya mahakama ya London kwamba faili zipo, zimehifadhiwa Hanslope Park. Ni faili hizo zilizowasaidia wazee wetu wa Mau Mau walioishtaki Uingereza. Juni 2013 Uingereza ilitangaza majuto na kulipa pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa wadai 5,228. Ndiyo maana mimi, nikimwangalia Marritza, naona faili lililochoka kufichwa likaamua kutembea lenyewe hadi mahakamani. Darhe'el asingekuja. Faili lilikuja.

Hapo ndipo upande wa hasira unapopata nguvu, na nakubaliana nao kuliko mlivyotarajia. Mliona ni nani aliyethibitisha kwamba Darhe'el amekufa? Ni Gul Dukat, kwenye skrini, yuleyule aliyekuwa amemfokea Sisko amwachie Mcardassia mwenzake. Kama hamkuanza na kipindi cha kwanza kabisa, "Emissary", rudini mkakione. Dukat ndiye aliyekuwa akikitawala kituo kile. Anaingia ofisini kwa Sisko na kumkumbusha kwamba majuma mawili tu nyuma ile ilikuwa ofisi yake. Sasa hebu fikirieni. Wabajor wanataka damu ya mtu wa Gallitep, waziri wao anadai akabidhiwe, Kira hapati usingizi, na muda wote huo mtu aliyekuwa juu ya utawala ule yuko huru, mzima, anapiga simu na kutoa amri. Hakuna anayesema akamatwe. Sijui kama mwandishi alikusudia kejeli hiyo, lakini ipo, na kwangu ndiyo inayokifanya kipindi kiwe kikubwa. Wanaogombana kuhusu karani wamesahau kutazama skrini.

Mkiwa Nakuru mnaelewa haraka kuliko mtazamaji wa Marekani. Waliokuwa mitaa ya Kaptembwo, Free Area au Langalanga Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, hawahitaji kuelezwa maana ya kumkuta jirani akiwa upande wa pili wa panga. Kisha kukawa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague: majina sita, na kufikia Aprili 2016 kesi zote zilikuwa zimezimika bila hata mmoja kutiwa hatiani. Mimi si hakimu na sisemi mahakama ile ilipaswa kuamua nini. Nasema tu kwamba aliyechomewa nyumba alibaki hana wa kumtazama usoni. Mtu wa namna hiyo akimwona mzee mmoja mgonjwa amekaa seli, yuko tayari kujitwika lawama zote, ataona nini? Atashawishika kumpokea. Bora huyu kuliko kukosa kabisa. Kira mwenyewe alikuwa amefika hapo. Alimwomba Sisko amwachie yeye uchunguzi kwa niaba ya wote wasioweza tena kuomba. Kwa hiyo anapomfungulia mlango wa seli, msidhani amelainika. Amekataa mbadala. Ametaka Darhe'el au asiwepo mtu, na kukataa hivyo kunauma kuliko kusamehe.

Kwa sababu hiyo nawapinga wote wanaokiita kipindi cha msamaha, wanaokisifu na wanaokilaani. Kira hamsamehi Marritza kwa ajili ya Gallitep, na wala hana mamlaka hayo. Anakataa kumuua kwa jina la mtu mwingine.

Lakini ipo lawama moja ya haki ambayo hamkuitaja, nami ninayo moyoni kwa miaka: manusura wenyewe hawaonekani. Gallitep inasimuliwa na Kira aliyeikomboa na Marritza aliyeihudumia. Aliyechimba, aliyepigwa, aliyezika mtoto pale, hana hata sentensi moja. Machozi makubwa ya kipindi yamepewa mtu wa upande wa watesi. Nikiwa hakimu wa tamasha la drama ningekata alama hapo bila kusita. Najua kisingizio cha muda. Kipindi hakifiki hata saa nzima. Hata hivyo kilipata nafasi ya mlevi.

Naam, yule mlevi. Kainon. Mnamkumbuka? Wengi hawamkumbuki mpaka achomoe kisu. Yumo mahabusu ya Odo, mkuu wa usalama wa kituo, mwanzoni kwa ulevi, analalamika kufungiwa karibu na Mcardassia, kisha anapotea. Mwisho kabisa Kira anatembea na Marritza kwenye barabara ya maduka, mzee ameinama, hajui tena aende wapi kwa vile mpango wake wa kufa umeharibika, na Kainon anamjia kwa nyuma. Kira anauliza kwa nini, si Darhe'el huyu. Anajibiwa kwamba ni Mcardassia, na hiyo ni sababu tosha. Kira anasema hapana, haitoshi. Watazamaji wengi wanaukumbuka mstari wa Kira na kuuona ndio kilele. Mimi naona umekuja kirahisi mno. Aliyetoka asubuhi akiamini kwamba inatosha ni Kira mwenyewe, na safari yake tumeiona hatua kwa hatua. Ya Kainon hatujaionja. Je, alipoteza nani? Mwandishi anamtumia kama kisu chenye miguu, basi. Huyo mwenzenu aliyesema angezima runinga Marritza akiachiwa salama anasimama upande wa Kainon, na kipindi hakikumpa wakili. Ana haki ya kukasirika. Ila asikose kuona kwamba kipindi kilimpa alichotaka: mzee hakuachiwa salama. Aulizwe basi kama alifurahi.

Hii inanileta kwenye Mageta, na hapa nitawachosha kidogo.

Kisheria hamna shida kubwa mkiwa waangalifu. Majina, mazungumzo, Gallitep, Kira, vyote ni mali ya wenyewe. Msivitie jukwaani bila ruhusa. Wazo la mtu mdogo kujifanya bosi wake muovu ili ahukumiwe ni jambo jingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda namna wazo lilivyoandikwa, haililindi wazo lenyewe, na hili lilikuwa limeshapanda jukwaani kwingineko hata kabla ya 1993. Andikeni lenu toka mwanzo, na muswada ukikamilika usajilini kwa bodi ya hakimiliki kabla hamjausambaza kwenye simu za watu.

Kisanaa ndiko kwenye kazi. Mageta na jirani yake Sayusi, kule upande wa Siaya, ni visiwa kweli vilivyotumiwa kuwazuilia watu wakati wa hali ya hatari, kwa hiyo mahali hamkukosea. Hata ziwa linawafaa: mtu akija kwa mashua kutoka Usenge, hana pa kutokea isipokuwa mashua irudi. Mmeshapata seli yenu bure.

Tatizo ni karani. Marritza ni wa kabila la watawala. Wa kwenu ni nani? Mkimfanya Mzungu mzee aliyerudi Kenya kutafuta kuhukumiwa, mtapata nakala ya "Duet" yenye jua kali zaidi, na watu watapiga makofi na kwenda nyumbani. Katika kambi zetu maofisa Wazungu walikuwa wachache, na nyuma yao walikuwepo askari, wakalimani, homgadi (walinzi wenyeji waliokuwa upande wa serikali) na makarani weusi. Mkimfanya karani Mwafrika, jirani wa waliofungwa, mwenye wajukuu wanaosoma shule moja na wajukuu wa mahabusu, mchezo mzima unageuka. Hawezi kujibadilisha sura afanane na mkuu wa kambi. Hawezi kusema "sisi tulifanya" na kuilazimisha serikali ya mbali ikiri, kwa sababu atakaowaaibisha wameketi viti vya mbele ukumbini. Mtalazimika kutafuta hila nyingine ya yeye kujitafutia hukumu. Labda ameficha daftari la kambi miaka yote na analileta sasa, likiwa na majina ambayo hakuna anayetaka yasomwe. Hilo ningelipa kiingilio kulitazama.

Chunguzeni kabla ya kuandika. Bado wapo wazee waliozuiliwa au watoto wao, na huko Siaya wapo waliosikia habari za kisiwa kwa wazazi wao waliokuwa wakivua karibu. Msiwaendee na simu ya kurekodi mkononi siku ya kwanza. Na msichanganye Mageta na Hola mkadai waliokufa kule walifia huku. Mtazamaji mmoja anayejua historia akisimama na kuwasahihisha, mchezo umekwisha.

Msiweke hotuba ya msamaha mwishoni. Vikundi vya vijana hupenda sana hotuba hizo, hasa wafadhili wakiwa wamealikwa. Wekeni badala yake mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya waya, na mpeni nafasi ya kuzungumza na karani uso kwa uso, bila askari, bila mwanasheria, kwa muda mrefu kuliko mtakavyoona inastahili. Asilie kama hataki kulia. Amwulize mambo madogo: nani aliandika jina la mume wangu, kwa kalamu ya rangi gani, ulikunywa chai saa ngapi siku hiyo. Karani hodari atakumbuka.

Na mkiamua lazima kisu kiwepo, basi mwenye kisu aingie tangu onyesho la kwanza, awe na jina, awe na aliyempoteza, na tumjue vizuri kabla hajakigusa. Mkimaliza rasimu nitumieni niisome. Kurasa nitakazofungua kwanza ni zake.